Wali wa Jana

Wali wa kukaanga hauanzi siku unapoukaanga, unaanza jana yake. Hilo nilifundishwa na mama yangu pale Musoma, kwenye jiko la uani lenye moshi mwingi kuliko nafasi, na yeye alifundishwa na mke wa fundi cherehani jirani yetu. Unapika wali mkavu, maji yakipungua kidogo kuliko ulivyozoea, unauacha kwenye sufuria mpaka kesho. Asubuhi punje zimeachana, kila moja na hamsini zake. Ukikaanga wali wa leo, alisema mama, utapata uji wenye vitunguu.

Samli kwanza, iwe ya kweli, ile yenye harufu ya kibuyu. Vitunguu vingi, vikaangwe mpaka vikaribie kuungua. Kitunguu saumu kitwangwe na chumvi. Bizari nyembamba ipashwe moto mkavu mpaka inukie nyumba nzima. Nyanya moja tu, maana ya pili huleta maji. Sisi watu wa ziwani tuliongeza dagaa wakavu, tuliowatoa vichwa na kuwakaanga pembeni mpaka wakawa wanavunjika mdomoni. Wali huingia mwisho, moto ukiwa mkali, na mkono haupumziki mpaka kila punje ipate rangi. Baba alikuwa akipakia pamba melini bandarini, na akirudi jioni alituambia ameanza kula tangu kona ya barabara.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba siku nilipowaaibisha watu wa mume wangu, nilijua kupika.

Niliolewa miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa bwana shamba, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi, na mji wao ulikuwa ndani kidogo ukiiacha barabara kati ya Bunda na Butiama. Kule mji ni nyumba, zizi, maghala na makaburi kwa pamoja. Baba yake alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba, karibu na zizi, na kaburi lake lilikuwa limezungushiwa mawe ambayo mama mkwe aliyapalilia kama vile yangeota. Mama mkwe alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye bangili za shaba mikono yote miwili, na kicheko kilichoanza chini kabisa tumboni. Mimi nilimwogopa mpaka siku ya ule wali.

Baba wadogo wa mume wangu walikuja kumwona bibi harusi wa mjini. Niliwaandalia nilichokijua. Wali niliupika jioni iliyotangulia, asubuhi nikaukaanga kwa samli ya mama mkwe, ambayo Musoma nzima haikuwa na mfano wake. Nilipiga magoti nikawanawisha, nikatenga sinia. Wazee wakaisikia harufu, wakatazamana, mmoja akasema mtoto wetu ameoa. Mikono ikaingia kwenye sinia. Ndipo yule mkubwa akaniuliza kwa upole nimeamka saa ngapi hata nikafanya kazi yote ile.

"Sikuamka mapema, baba," nikajibu kwa majivuno. "Wali niliupika jana. Ndivyo unavyotakiwa."

Mikono ikatoka kwenye sinia. Hakuna aliyegomba. Yule mkubwa alikuwa na tonge kiganjani, akalirudisha taratibu pale lilipotoka, akajifuta vidole kwenye ngozi aliyokalia, akaanza kuzungumza habari za mvua. Niliona aibu kwa jambo nisilolijua, na hakuna aibu mbaya kama hiyo.

Mama mkwe alilichukua sinia mwenyewe. Tulipofika jikoni aliliweka chini, akaushika ukuta, akacheka mpaka bangili zikalia.

"Mwanangu, umetaka kuwazika baba zako!" akasema. "Huku mgeni hakulagi kiporo. Kiporo ni cha mwenye nyumba. Ukimpa mtu kiporo umemwambia usiondoke, kaa hapa, na ukifa kaburi lako tutalichimba hapa hapa. Sasa wale wana miji yao. Wakila, watarudi kwa wake zao waseme nini?"

Nikamwomba msamaha, nikiwa karibu kulia.

"Nani angekwambia? Ninyi wa mjini mnakulaga tu." Akakaa kwenye kigoda, akaanza kula ule wali. Alikula akiwa amefumba macho. "Mimi nilivyoletwa hapa, asubuhi ya kwanza mama mkwe wangu alinipaga kiporo cha ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Nilikula ninalia. Nikajua basi, nimefika." Akanisogezea sinia. "Na wewe kula."

Nikala. Wali ulikuwa mtamu, sitaki kujifanya mnyenyekevu. Tangu siku hiyo, kila nilipopata mchele, mama mkwe aliniambia niupike mapema, kisha asubuhi alikuja jikoni kabla sijamwita. Wageni waliochelewa kuondoka aliwatania kwamba kesho atawapa wali wa mke wa mwanawe, na wote walicheka wakatafuta fimbo zao. Nilimpenda mwanamke yule. Mama yangu mzazi alinifundisha kupika, lakini yeye ndiye aliyenipa mahali pa kupikia.

Kisha ikaja amri ya serikali kwamba sote tuache miji yetu, tukaishi pamoja kijijini. Mume wangu aliiamini kwa moyo wote, na mimi pia niliiamini, nisije nikajisafisha sasa kwa kuwa miaka imepita. Tuliambiwa bomba, zahanati, shule ya karibu, na mengine tuliyaona kwa macho. Yeye ndiye aliyepima viwanja kando ya barabara. Alitembea na kamba ya katani na vigingi, jasho likimtoka, akirudi jioni na kunichorea mistari kwenye vumbi, nyumba huku, shamba la kijiji kule. Mistari ilikuwa imenyooka kweli. Kitu ambacho hakunichorea ni kwamba shamba la pamba la kijiji lilifika mpaka kwenye mji wa mama yake na kuupita.

Tulihama wakati wa kiangazi. Mgambo waliziezua nyumba zilizoachwa ili mtu asishawishike kurudi. Mama mkwe alipanda tela la trekta akiwa wa mwisho, amepakata kibuyu chake cha samli. Hakulia wala hakubisha. Alimwuliza mwanawe jambo moja tu.

"Na baba yako?"

"Hakuna atakayemgusa, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Alikaa akitazama nyuma mpaka vumbi likaziba kila kitu.

Asubuhi ya kwanza katika nyumba mpya niliweka mbele yake kiporo cha ugali na bakuli la mgando, kama tulivyozoea. Hakunyoosha mkono.

"Wape watoto," akasema. "Mimi hapa napita tu."

Mume wangu alikuwa akitafuta baiskeli yake, hakusikia. Mimi nilisikia, nikalielewa neno lile.

Hapo mwanzo mtu angeweza kudhani ni hasira za kuhama na zitapoa. Lakini maisha ya kijijini yalikuwa ya kiporo. Asubuhi sote tulikuwa kwenye shamba la kijiji. Kuni zilikuwa mbali, maana watu wengi waliwekwa mahali pamoja na vichaka vya karibu vikaisha upesi. Kila nyumba iliwasha moto jioni, ikapika cha jioni hiyo na cha kesho yake. Mama mkwe akawa anakula jioni tu, chakula kikitoka motoni, kidogo kidogo kwa adabu, kama mtu aliyealikwa. Akishiba alishukuru. Nilichukia shukrani ile. Mtu hashukuru jikoni kwake.

Mume wangu alijaribu utani. "Mgeni siku mbili, mama, siku ya tatu mpe jembe. Wewe ugeni wako utaisha lini?"

"Si jembe nimelishika?" mama akamjibu. Na kweli alilima kuliko wengi. "Nimelima na bado ni mgeni. Nikichoka mtanirudisha kwangu."

Alikuwa akisema na mwanawe, lakini wakati wa kusema "mtanirudisha" alinitazama mimi.

Mvua zilipokuja alipata homa. Mganga wa zahanati akampa vidonge, akasema homa si kubwa, tatizo ni kwamba bibi hali. Homa ikapungua na hamu ya kula haikurudi hata jioni. Bangili zilianza kushuka mpaka kwenye vidole, akazivua akazifunga kwenye kitambaa. Siku moja nilikuwa namkanda miguu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayejicheka:

"Unajua ninachotamani? Ule wali wako. Kwangu kule ningekula sinia." Kisha akageukia ukutani. "Lakini ndiyo hivyo."

Nilimweleza mume wangu. Nilidhani tutahuzunika pamoja. Siku chache baadaye alirudi kutoka Bunda na mchele kwenye baiskeli, nao wakati ule haukuwa kitu cha kuokota. Aliuweka mbele yangu.

"Mkaangie."

"Wali ule ni wa kiporo, baba watoto. Unajua hatakula."

"Mwambie umeupika leo."

Nikamtazama nikidhani anatania.

"Akila atapata nguvu," akasema. "Na baadaye tutamwambia, mama, ulishakula, umekwisha kuwa wa hapa. Ataacha haya mambo."

"Na akifa?"

"Atazikwa makaburini kama watu wengine. Kule hakuna mji tena, mama watoto. Kule ni pamba. Nimwambie nini mwenyekiti? Kwamba mama wa bwana shamba anataka kuzikwa katikati ya mistari?"

"Mistari uliipima wewe."

"Ndiyo," akasema. "Niliipima mimi."

Alisema hivyo akiwa ameshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mama yake, na alikuwa na hofu ya mwenyekiti, na sidhani kama mwenyewe alijua ipi imezidi. Nilimwonea huruma na nikamchukia kwa wakati mmoja. Lakini nililojua ni hili: mama mkwe alikuwa amebakiwa na kitu kimoja cha kumrudisha kwa mumewe, nacho ni kuwa mgeni pale. Mwanawe alitaka nimnyang'anye kwa mwiko wangu mwenyewe, kwa wali ule ule ambao mama alinipokea nao.

Na nikikataa kupika, atakufa kwa njaa akiwa mgeni. Nililala na hilo kifuani.

Alfajiri niliamua kumkosea mama yangu mzazi. Niliuosha mchele mpaka maji yakawa meupe kama ya kisimani. Niliupitisha kwenye samli kabla ya kuutia maji, na maji yenyewe niliyatia kwa uchoyo. Ulipoiva niliumwaga kwenye ungo, nikaupanua kwa vidole, nikaubeba mpaka juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, pale upepo wa ziwa unapopiga mchana. Shambani nilituma neno kwamba naumwa. Siku nzima nilikaa juu ya jiwe nikifukuza kuku na kuuchambua wali punje kwa punje, na kanga yangu ikiwa kivuli chake jua lilipozidi.

Jirani mmoja akapita na ndoo kichwani. "We mama, siku hizi unaanika wali kama dagaa?"

"Leo wamevuliwa wengi," nikamwambia, akaenda akicheka.

Jioni niliukaanga. Vitunguu vilikubali, bizari ikakubali, dagaa wakalia vizuri kwenye mafuta. Wali ukakataa. Ulishikana mabonge mabonge, na kila nilipouvunja bonge moja lilizaa mengine mawili. Nilionja. Ladha ilikuwapo, lakini ilikuwa imejificha. Nilitaka kulia kwa hasira, mimi niliyesifiwa kwa wali tangu nikiwa msichana.

Mume wangu alirudi, harufu ikamsimamisha mlangoni. Akanitazama kwa shukrani nyingi. Alidhani nimemtii. Sikumsahihisha, nikabeba sahani.

Mama mkwe tulimkalisha, akaegemea ukuta. Pua yake ilianza kula kabla yake. Kisha akaniuliza, macho yakiwa kwenye sahani:

"Huu wali umelala?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akajibu. "Umepikwa leo, mama. Kula."

Alikuwa anadanganya, na maneno yake yalikuwa ya kweli.

Mama mkwe hakumtazama. Alichukua wali kidogo kwa vidole vitatu, akauminya. Ulishikana. Akaufungua mkono akalitazama bonge lile kwa muda, akaliminya tena, nalo likabaki bonge. Akaliweka mdomoni.

"Mbaya," akasema. Kile kicheko kikaanza kupanda kutoka tumboni, kidogo, kwa shida. "Mbaya kabisa, mwanangu. Kweli huu ni wa leo."

Akala. Alikula sahani yote, akaomba ukoko. Mume wangu alikuwa ameyakodolea macho yale mabonge, kisha akaniangalia mimi, na nikaona anaelewa kitu kimoja baada ya kingine. Alisimama akatoka nje.

Mama mkwe aliinuka kitandani. Aliishi mpaka pamba iliyopandwa mvua zile ikapasuka, na kila nilipopata mchele nilipanda juu ya jiwe na ungo wangu. Wali haukuwahi kutoka vizuri. Kila mara aliuminya kwanza, kila mara alisema ni mbaya, na kila mara alimaliza. Siku moja akaniambia hajawahi kula chakula kibaya kwa raha kama ile. Alifariki wakati wa mavuno, mchana, akiwa amekaa kivulini anachambua pamba. Alikuwa ameinamia kapu, nasi tulidhani amesinzia.

Wajumbe walikuja jioni hiyo kutoa pole. Walikuwa watu wema, na walikwisha kuteua vijana wa kuchimba kaburi kule makaburini. Mume wangu aliwasikiliza, akaomba awaache kidogo. Akaja jikoni. Alikuwa hajaingia jikoni kwangu tangu tuhamie.

"Kuna siku yoyote alikula kiporo katika nyumba hii?" akaniuliza. "Hata kidogo. Hata kwa kusahau."

"Hata punje."

Alibaki ameegemea mlango, machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akajifuta kwa mkono wa shati akarudi kwa wajumbe, na nikamsikia akisema kwa sauti ya ofisini: "Mama yangu hapa alikuwa mgeni. Kwetu mgeni akifa anarudishwa kwake. Nitamrudisha." Walibishana. Mwenyekiti alimkumbusha shamba ni la nani na yeye ni nani. Akasema anajua yote mawili, aliyapima kwa kamba yake.

Tulimpeleka kwa tela, asubuhi, kwenye pamba nyeupe mpaka upeo wa macho. Tulitafuta mawe ya kaburi la baba mkwe kwa shida, kwa kuwa plau ilikuwa imeyasukuma huku na huku. Mume wangu ndiye aliyeyapata, akipiga magoti kwenye mitaro. Ili kupata nafasi ya kaburi alilazimika kung'oa pamba kwa mikono yake, mashina yakiwa yamebeba, na aliyaweka kando kwa mstari, kwa mazoea.

Baadaye wilaya ilimwita ajieleze, na cheo kikabaki pale pale kilipokuwa mpaka mwisho wa kazi yake. Hakulalamika.

Ninachokikumbuka zaidi ni asubuhi baada ya mazishi. Waombolezaji walikuwa wameondoka. Kwenye sufuria kulikuwa na wali uliobaki wa jana, mkavu, punje zimeachana, wali mzuri kuliko wote niliokuwa nimeupata tangu tuhame. Watoto walikuwa na njaa. Nikapasha samli ya mwisho iliyobaki kwenye kibuyu cha mama mkwe, nikakata vitunguu, nikakaanga jinsi nilivyofundishwa, nikilia na kugeuza. Harufu ikamleta mume wangu mlangoni. Alikuwa hajala tangu msiba.

Nilimpakulia. Aliipokea sahani, akaishika bila kukaa.

"Huu umelala?" akauliza.

"Umelala."

Alitazama nje, kwenye nyumba zilizopangwa barabarani, zimenyooka mpaka mwisho wa kijiji. Kisha akanirudishia sahani kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mama yake.

"Nipikie mwingine," akasema. "Ukipata nafasi."

Nilikuwa nimechoka, na kuni zilikuwa chache, na nilimkasirikia sana. Lakini niliinama nikachochea moto, nikabandika maji. Mimi kiporo nilikuwa nimekwisha kukila katika nyumba zote mbili, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Ule wali wa jana nilikaa chini nikaula na watoto.